Nani Anaipima Joto Prosesa Yako? Historia ya Nambari Moja Inayotisha Watu



Kuna swali ambalo mtu yeyote anayeandika programu hapa kwetu hulizoea, hata kama kazi yake haihusiani kabisa na vifaa: "Prosesa yangu inaonyesha nyuzi 78. Itaungua?" Mara nyingi jibu ni hapana. Lakini jibu hilo fupi halimsaidii mtu. Kesho ataona 92 aogope upya, au ataona 45 alale usingizi mnono huku mashine ikiharibika kwa sababu nyingine. Nambari ile imebadilika maana mara kadhaa katika miaka thelathini hivi. Imewahi kuwa joto la ubao, ikawa joto la chini ya soketi, ikawa joto la ndani ya silikoni, na siku hizi katika prosesa nyingi asili yake ni umbali uliobaki kabla ya kikomo. Kwa hivyo leo, ndugu msomaji, badala ya jedwali la nyuzi nzuri na nyuzi mbaya, nakupa historia. Ukiijua, utaweza kujijibu mwenyewe.

Wakati hakukuwa na cha kupima

IBM ilipotoa PC yake Agosti 1981, ndani yake mlikuwa na prosesa ya Intel 8088 iliyokwenda kwa megahezi 4.77. Ilikaa wazi juu ya ubao mama, bila bamba la kupoza na bila feni yake yenyewe. Kihisio cha joto hakikuwepo. Mipangilio nayo ilikuwa swichi ndogondogo ubaoni: unafungua sanduku, unachukua kalamu, unasukuma swichi moja moja ili mashine ijue ina kumbukumbu kiasi gani na imeunganishwa na skrini ya aina gani. Aliyetaka kujua kama chipu ina moto aliigusa kwa kidole.

Mwaka 1984 ikaja PC/AT, na humo mlikuwa na chipu ya saa ya Motorola, MC146818, yenye baiti 64 za kumbukumbu iliyotunzwa na betri. Mipangilio mingi ikahama kutoka kwenye swichi ikaingia humo, na uliibadilisha kwa programu iliyokuja kwenye disketi. Ndiyo asili ya ile betri bapa kama sarafu unayoiona kwenye ubao mama wa leo, na ndiyo sababu betri ikiisha tarehe hurudi nyuma na mipangilio yako hupotea.

AT hiyohiyo ilizua mchezo mwingine. Prosesa yake, 80286, ilikwenda kwa megahezi 6, nusu ya mdundo wa kristali ya megahezi 12 iliyokuwa ubaoni. Watu wakaing'oa kristali hiyo wakaweka ya 16, na prosesa ikapanda hadi megahezi 8 bila kulipa zaidi. IBM haikufurahi. BIOS iliyofuata ilipima mwendo wakati wa kuwaka na kukataa kuendelea ikikuta umezidi. Tazama basi jinsi ugomvi huu ulivyo wa zamani: mwenye mashine anataka kuona na kubadilisha, mtengenezaji anataka kuamua yeye. Utaukuta tena na tena hapa chini.

Volti, mraba, na feni

Intel 486 ya mwaka 1989 ilikuwa na transista milioni 1.2. Zilipofika 486DX2 mwaka 1992, zenye megahezi 50 na 66, bamba la alumini lenye mapezi lilianza kuwa jambo la kawaida. Kisha Machi 1993 Pentium ya kwanza ikatoka na transista milioni 3.1, ikitumia volti 5, na ile ya megahezi 66 ilifikia wati 16 hivi. Leo wati 16 ni za kuchekesha, lakini wakati huo chipu ya mezani kudai feni yake binafsi lilikuwa jambo geni.

Mwaka uliofuata Intel ikatoa Pentium za megahezi 90 na 100. Zilikuwa na mwendo zaidi, lakini moto ulipungua: ile ya 100 ilitumia wati 10 hivi. Siri ni kwamba transista zilikuwa ndogo zaidi na volti zilishuka kutoka 5 hadi 3.3. Hapa pana kanuni moja ambayo ningependa uikumbuke kuliko nyingine zote katika makala haya. Umeme unaogeuka joto ndani ya prosesa huongezeka sawasawa na mwendo, lakini huongezeka kwa mraba wa volti. Ukiongeza mwendo kwa asilimia 10, joto linaongezeka kwa asilimia 10. Ukiongeza volti kwa asilimia 10, linaongezeka kwa asilimia 21. Mtu anayechunga joto peke yake bila kutazama volti anaangalia moshi bila kuangalia moto.

Chipu ya kupima, na zama za jampa

Katikati ya miaka ya 1990 kampuni ya National Semiconductor ilianza kuuza vipimo viwili ambavyo majina yake yangali yanasikika: LM75, kihisio kidogo cha joto chenye hatua za nusu nyuzi, na LM78, chipu iliyoweza kutazama volti saba, feni tatu, na joto. Watengenezaji wa ubao mama wakazipachika, na kwa mara ya kwanza ukurasa wa BIOS ukawa na mistari ya joto na mizunguko ya feni.

Lakini joto la nini? LM78 ilipima joto lake yenyewe, yaani la ubao pale ilipokaa. Ili kuikaribia prosesa, watengenezaji waliweka kihisio kidogo katikati ya soketi, chini ya prosesa, wakati mwingine kikiigusa na wakati mwingine hakigusi kabisa. Ilikuwa kama kupima homa ya mtoto kwa kushika godoro alilolalia. Tena kila mtengenezaji aliunganisha nyaya zake kivyake, kwa hivyo mstari wa kwanza ungeweza kuwa prosesa kwenye ubao huu na kuwa sanduku kwenye ubao ule. Programu ya Motherboard Monitor ya Mholanzi Alexander van Kaam ilipendwa sana hasa kwa sababu ilikuwa na orodha ndefu ya bao mama, ikijua ni kihisio gani kinamaanisha nini wapi. SpeedFan ya Mwitaliano Alfredo Milani Comparetti iliongeza uwezo wa kupunguza au kuongeza mzunguko wa feni. Upande wa Linux, mradi wa lm_sensors ulianza mwaka 1998, na jina lake linatokana na zile LM75 na LM78.

Kwa nini watu wa nyumbani walijali ghafla? Kwa sababu mipangilio ilikuwa imefunguka. Agosti 1998 Intel ilitoa Celeron 300A, prosesa ya bei nafuu iliyozidisha mdundo wa ubao mara 4.5. Ubao ukiwa kwenye megahezi 66, unapata 300. Ukiuhamisha hadi 100, unapata 450, mwendo wa prosesa ya bei ya juu kabisa ya wakati huo, na nyingi zilikubali. Kabla ya hapo ulihamisha jampa kwa vidole. Bao mama za Abit kama BH6 ziliweka mambo hayo kwenye menyu ya BIOS iliyoitwa SoftMenu, na kijana yeyote angeweza kubadilisha mwendo na volti akiwa ameketi. Mwaka 2000, kwa Duron na Athlon za AMD, mbinu ilikuwa ya penseli: unachora mistari ya risasi kwenye vidaraja vidogo juu ya prosesa, nayo inakubali kubadilishwa kizidishi. Mashabiki hao wa kukimbiza prosesa ndio waliotufundisha sisi wengine kutazama joto.

Kipimo kinapoua mgonjwa

Kuna kisa kimoja ambacho kila mwandishi wa programu za vifaa anafaa kukijua. Ili kugundua vihisio, lm_sensors ilipita kwenye nyaya za mawasiliano za ubao ikibisha hodi kila anwani: "Kuna mtu hapa?" Kwenye tarakilishi nyingi hilo halikuwa na madhara. Kwenye baadhi ya ThinkPad za IBM, anwani mojawapo ilikuwa na chipu ya kumbukumbu iliyotunza data muhimu za kuwasha mashine, na chipu hiyo ilitafsiri hodi ile vibaya ikajiandika upya. Mashine zilizima zisiwake tena mpaka zirudishwe kwa fundi wa kiwandani. Baadaye programu ikawekwa ulinzi wa kukataa kuchunguza mashine za IBM.

Kusoma joto si sawa na kutazama saa ukutani. Programu inaingia ndani kabisa ya mfumo, mahali ambapo programu za kawaida haziruhusiwi. Tatizo hilo halikwisha na ThinkPad. Kwenye Windows, programu nyingi za kupima joto zilitegemea draiva moja iitwayo WinRing0, ambayo mwaka 2020 ilitangazwa kuwa na mwanya wa kiusalama. Machi 2025 kinga ya Windows ilianza kuitambua kama zana hatari, na watu wakakuta programu zao za feni zimezuiwa asubuhi moja. Kwa hiyo usipakue kipima joto kutoka tovuti usiyoijua eti kwa sababu kina rangi nzuri.

Moshi wa 2001

Septemba 2001 tovuti ya Tom's Hardware, iliyoanzishwa na Thomas Pabst, ilitoa video iliyozunguka dunia nzima. Waliwasha mchezo wa Quake III kwenye tarakilishi nne, kisha wakang'oa bamba la kupoza mchezo ukiendelea. Pentium 4 ilipunguza mwendo, mchezo ukawa mzito, lakini haikufa. Pentium III iliganda na kubaki hai. Athlon mbili za AMD ziliungua na kutoa moshi, moja ikipita nyuzi 300.

Tofauti ilikuwa ni nani aliyekuwa mlinzi. Tangu Pentium Pro ya 1995, prosesa hizo za Intel zilikuwa na kihisio ndani ya silikoni kilichoweza kuzima kila kitu joto likizidi sana. Pentium 4, iliyotoka Novemba 2000, iliongeza ulinzi wa kujipunguzia mwendo mapema. Athlon ya zamani haikuwa na kihisio cha ndani kabisa. Ile mpya zaidi ilikuwa nacho, lakini kazi ya kukisoma na kuchukua hatua iliachiwa ubao mama, na ubao ule haukuwahi. Silikoni isiyo na bamba haihesabu dakika, inahesabu sekunde. Hakuna programu ya Windows ambayo ingefika kwa wakati.

Tangu hapo kazi ya kuokoa prosesa imehamia ndani ya prosesa yenyewe, na Athlon 64 ya 2003 ilikuja na kinga yake ya kuzima. Ndiyo sababu nasema prosesa ya leo ni vigumu sana kuungua kwa joto la kawaida. Kinachotokea ni kitu kingine ambacho watu hawakitambui: inajipunguzia mwendo kimyakimya.

Hili lina uzito wake hapa kwetu. Pentium 4 ziliendelea kufanya kazi kwenye saiba na maabara za shule Kenya miaka mingi baada ya kustaafishwa kwingineko, na hadi leo wengi wetu tunanunua mashine zilizokwisha tumika. Vumbi limejaa kwenye mapezi, grisi ya kupitishia joto imekauka. Mashine inakuwa nzito kila alasiri, mwenyewe anaambiwa ana virusi, anafuta Windows na kuiweka upya, au anauziwa kumbukumbu zaidi. Jirani yangu alikuwa ameshafanya yote mawili aliponionyesha laptopu yake: mwendo ulikuwa umeganda kwenye megahezi 800 na feni inavuma kama jeneta. Brashi ya rangi ya shilingi chache na grisi mpya viliirudisha mahali pake.

2004, mwaka wa kupiga magoti

Februari 2004 Intel ilitoa Pentium 4 ya aina ya Prescott, yenye transista za nanomita 90. Kwa desturi, transista zikipungua joto hupungua pia. Safari hii haikuwa hivyo. Umeme ulivuja ndani ya transista hata zikiwa zimetulia, na Prescott ya gigahezi 3.8 ilikadiriwa wati 115. Mwezi Mei mwaka huo Intel ikafuta mradi wa mrithi wake, Tejas. Oktoba ikaachana na ahadi ya Pentium 4 ya gigahezi 4, na mkuu wake, Craig Barrett, akapiga magoti jukwaani mbele ya wateja, nusu kwa utani, kuomba msamaha. Julai 2006 Core 2 Duo ikaja na mwendo mdogo zaidi kwa namba, kazi nyingi zaidi, na wati 65 tu. Joto ndilo lililoamua tarakilishi yako iwe na viini viwili, vinne au vinane badala ya kimoja cha gigahezi 10.

Nambari inayohesabu kurudi nyuma

Mwaka huohuo wa 2006, kuanzia Core Duo ya Januari, Intel iliweka kihisio cha kidijitali ndani ya kila kiini. Tungedhani ubishi umekwisha. Kumbe ndio umeanza. Kihisio hicho hakisemi "niko nyuzi 60". Kinasema "nimebakiza 40 kufika kikomo". Programu lazima ijue kikomo ndipo itoe. Na kwa prosesa za mezani Intel haikuwa imetangaza kikomo hicho.

Fikiria basi: prosesa inasema imebakiza 40. Programu ya kwanza inadhani kikomo ni 85, inaonyesha 45. Ya pili inadhani ni 100, inaonyesha 60. Prosesa ni moja, sekunde ni moja, tofauti ni nyuzi 15. Watu waligombana miaka miwili kuhusu programu ipi ni ya kweli. Agosti 2008 Intel ikatangaza baadhi ya vikomo, na Core i7 ya kwanza, Novemba mwaka huo, ikakiweka kikomo ndani ya prosesa yenyewe ili programu ikisome. Isitoshe, vihisio hivyo vilitengenezwa viwe sahihi karibu na kikomo. Vikiwa mbali, pale mashine imepoa, vinaweza kukosea kwa nyuzi kadhaa. Kwa hiyo ukiona kiini kimoja kina 31 na jirani yake 37 mashine ikiwa haina kazi, usihangaike.

AMD nayo ilikuwa na yake. Ryzen 7 1700X na 1800X za Machi 2017 ziliripoti nyuzi 20 zaidi ya joto halisi, kwa makusudi, ili feni ziendeshwe kwa kanuni moja katika jamii yote ya prosesa hizo. Mtu aliona 65 kumbe ni 45. Na Ryzen 7000 za Septemba 2022 ziliundwa ziongeze mwendo mpaka zigote nyuzi 95 na kukaa hapo zikiwa na kazi nzito. Kwa prosesa hiyo 95 si homa, ni mahali pake pa kazi.

Pale joto lilipokuwa sawa na prosesa ikafa

Kisa cha mwisho ndicho kinachonifanya niandike. Prosesa za Intel Core za kizazi cha 13, za mwaka 2022, na cha 14, za 2023, zilianza kuangusha michezo na programu bila sababu ya wazi. Wengi walikuwa na vipoza vikubwa na nambari nzuri za joto. Julai 2024 Intel ilieleza kwamba maagizo ya ndani ya prosesa yalikuwa yakiomba volti za juu kupita kiasi. Bao mama nyingi nazo zilikuwa zikiuzwa na mipangilio iliyolegeza mipaka ya umeme ili zionekane na kasi. Agosti mwaka huo likaja sasisho la kuzuia maombi ya volti kupita 1.55, na dhamana ikaongezwa miaka miwili. Lakini sasisho hilo linazuia tu. Prosesa iliyokwisha kuchakaa hairudi.

Kumbuka ile kanuni ya mraba. Kipima joto hakikuwa na la kuwaambia wenye mashine hizo, kwa sababu ugonjwa ulikuwa kwenye mipangilio.

Basi ukiniuliza leo, nitakujibu kwa maswali matatu. Kwanza, imebakiza nyuzi ngapi kufika kikomo cha prosesa hiyo hasa, si ya rafiki yako? Tafuta kikomo kwenye ukurasa wa mtengenezaji. Pili, je, mwendo unashuka ukiipa kazi nzito? Hilo ndilo linalokugusa, na mashine ya Mombasa yenye hewa ya nyuzi 32 chumbani itafika huko mapema kuliko ndugu yake wa Limuru, maana kila nyuzi ya hewa huongezeka juu ya prosesa. Tatu, volti na mipaka ya umeme ni ya nani: ya mtengenezaji wa prosesa, au ya muuza ubao aliyetaka kushinda majaribio? Ingia kwenye BIOS uone, na usasishe BIOS hiyo.

Ulinzi wa dharura prosesa inajifanyia. Kutazama mipangilio bado ni kazi ya mwenye mashine.